Nyumba tumenunua, jirani hatumjui

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Minnesota, viunga vya Minneapolis, upande wa kusini-magharibi. Mtaa wenyewe sitautaja, maana Watanzania wa huku tunajuana, nikiutaja tu nimejitaja. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga. Mume wangu ni mtu wa kompyuta. Tuna watoto watatu: wa kiume ana miaka 14, wa kike 10, kitinda mimba 6.

Kabla ya hapa tulipanga Brooklyn Park, kiunga kingine cha Minneapolis. Juu yetu alikaa Mliberia, chini Mkenya wa Kisii, mlango wa mbele familia ya Wahmong, watu wa asili ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kelele zilikuwepo, na theluji ikianguka watu waligombania maegesho, lakini mtoto akiugua usiku nilikuwa na milango mitatu ya kugonga. Mwaka 2023 tukanunua nyumba huku kwa ajili ya shule. Kwenye kundi la WhatsApp hongera zilimiminika mpaka simu ikaisha chaji.

Shangazi, mtaa ni mzuri, sikatai. Miti mikubwa, ukoka umekatwa sawasawa, baiskeli zinalala nje na asubuhi unazikuta. Ila watu siwaoni. Gari linakuja, mlango wa gereji unajifungua, gari linaingia, mlango unashuka. Basi. Unaweza kumaliza siku nzima hujaona uso wa mtu mzima isipokuwa vijana wa kampuni ya kukata majani.

Tulipohamia, mama wa nyumba ya pili alituletea sahani ya biskuti. Nilivyolelewa mimi, sahani ya jirani hairudi tupu, nikakaanga kaimati nikairudisha imejaa. Siku chache baadaye nikakuta kadi kwenye sanduku la barua, ina stempu, imepita posta, imetoka kwa mtu ambaye mlango wake nauona nikiwa jikoni! Ameandika kwa mkono wake kwamba zilikuwa tamu mno, na lazima tuonane siku moja. Hiyo siku moja mpaka leo haijafika. Tukipishana ananipungia mkono, anatabasamu, anaingia ndani.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi miezi mitatu. Akawa anashinda dirishani akiuliza, "Hawa watu wamehamia wapi?" Jumatano moja saa saba mchana ving'ora vikalia mji mzima, kumbe ni jaribio la kila mwezi la tahadhari ya vimbunga. Mwenzangu kashachukua mkoba wenye pasipoti, kasimama mlangoni. Tulicheka sana. Jioni akaniuliza, "Ingekuwa kweli, ungemkimbilia nani?" Nikakosa la kumjibu.

Kisha akaja shemeji yangu kutoka Dar, Desemba. Akatoka jioni kunyoosha miguu, akarudi na askari nyuma yake. Askari aliongea kwa adabu, aliuliza tu kama kweli mgeni anafikia hapa. Kumbe mtu kamrusha kwenye kundi la simu la mtaa: mwanamume asiyejulikana anachunguza nyumba za watu. Shangazi, alikuwa anaangalia taa za Krismasi! Na mtaani humu kuna vibao vimesimikwa kwenye ukoka, vimeandikwa kwamba kila mtu anakaribishwa.

Mtoto wangu mkubwa ameniomba nikienda shuleni nisivae kitenge. Wenzake wanacheza hoki ya barafuni, msimu mmoja unakula maelfu ya dola. Likizo wanakwenda kuteleza kwenye milima ya Colorado, na wakifika miaka 16 wananunuliwa gari. Juzi kaniuliza, "Mama, kwani sisi ni maskini?" Wakati huohuo Tanga kila harusi na kila msiba mchango wetu umepangwa kabla hatujaulizwa, kwa sababu ndugu wameona picha ya nyumba.

Na nyumba yenyewe inatunyonya. Riba ni karibu asilimia 7, kodi ya majengo juu yake, bima juu yake. Mume wangu amechukua kazi ya pili, zamu za usiku ghalani, Ijumaa mpaka Jumapili. Anasinzia mezani kijiko kikiwa mkononi. Nikisema tuuze turudi Brooklyn Park ananijibu, "Watu watasemaje? Na watoto watasoma wapi?" Hatugombani. Ila siku hizi mimi na yeye tunaongea bili tu.

Nivumilie au nishikilie tuuze? Nisaidie, Shangazi.

Mama Watatu, Minnesota

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia kurasa za upweke, na mume umemweka mwishoni kabisa. Mimi nimeanza kusoma kwake. Nitamrudia, maana ndiye mwenye jibu la swali lako. Kwanza tuwamalize majirani.

Nimeishi nje ya Columbus, Ohio, kwa hiyo huo mlango wa gereji naujua. Mitaa hiyo ilijengwa kwa ajili ya gari. Hakuna genge la nyanya la kukutania, hakuna kibaraza, na toka Novemba mpaka Machi baridi inamfungia kila mtu ndani. Sitautafuta mtaa wako, ila nitautumia mji wa Edina kwa mfano, kwa kuwa historia yake iko wazi na upo pande hizohizo. Mwaka 1956 palifunguliwa pale Southdale, jengo la kwanza la maduka Marekani kufunikwa lote na kuwekewa joto na ubaridi wa mashine. Msanifu wake, Victor Gruen, alikuwa mzaliwa wa Vienna, na alitaka kuwapa watu wa viungani mahali pa kukutana kama katikati ya mji wa kwao, kwa sababu aliona hawana. Watu wakaja, wakanunua, wakarudi kwenye magari yao. Uzeeni Gruen aliyakana maduka ya namna hiyo. Kwa hiyo unachokiona dirishani hakikuanza ulipohamia wewe, na wenyeji wenyewe kinawaumiza, ila wamezoea kutosema. Mama mkwe akirudi, asubuhi za baridi mpeleke atembee humo ndani. Atakuta wazee wenzake wanazunguka na raba zao, na atasalimiwa.

Sasa ile kadi. Wewe umeiona kama mlango uliofungwa kwa heshima. Mtu aliyekaa chini, akaandika kwa mkono, akatafuta stempu, hakukupuuza. Ila "tuonane siku moja" kwa watu hao ni maneno ya kuagana, na ukisubiri walitimize utazeeka. Anayetaka mgeni anataja siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Hiyo ya kumaliza ndiyo sisi tunaiona ufidhuli. Wao inawatuliza, maana wanachokiogopa ni kukaribishwa mahali wasipojua wataondokaje. Mwandikie ujumbe mfupi: Jumamosi, chai na kaimati, saa nne mpaka saa tano na nusu. Atakuja. Na saa tano na nusu atapiga mapaja yake kwa viganja, atasema haya jamani, kisha mtasimama mlangoni nusu saa nyingine. Hapo mlangoni ndipo utakaposikia habari zote za mtaa.

Jambo la pili juu ya majirani hao: wanaona haya kukuingilia, ila ni nadra wakatae wakiombwa. Kwa hiyo omba. Nenda kwa yule mama wa biskuti na kwa nyumba moja nyingine, useme waziwazi, "Mume wangu yuko kazini usiku mwisho wa wiki, nina watoto watatu, naomba namba yako kwa dharura." Usizungushe. Utakuwa na milango miwili ya kugonga, umebakiza mmoja kufikia ile ya Brooklyn Park. Theluji ya kwanza ikianguka, ukimaliza kusafisha njia yako, sogeza koleo mbele ya nyumba ya jirani, hasa kama ni mzee. Hilo halisahauliki huko. Na Jumanne ya kwanza ya Agosti mitaa mingi ya Minnesota hufungwa magari yasipite, watu wanatoa viti na chakula barabarani, ndiyo siku wanayoiita National Night Out. Kama mtaa wenu haufanyi, mtu yeyote anaweza kuomba kibali manispaa. Pilau yako iwe pale.

La shemeji ni jingine, na silitii kwenye kapu la ukimya. Huo mtaa mzuri una karatasi zake. Pale Edina, wakulima weusi waliishi na kufanya kazi karne ya 19, na mmoja wao, B. C. Yancey, alikuwamo katika uongozi wa kwanza wa kijiji kilipoundwa 1888. Miaka ya 1920 ukajengwa mtaa wa kifahari uitwao Country Club, na kwenye hati za nyumba likawekwa sharti kwamba asiye mzungu asiuziwe wala asikae humo, isipokuwa mtumishi wa ndani. Masharti kama hayo yaliandikwa kwenye maelfu ya hati katika eneo zima la Minneapolis. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kuyatekeleza mwaka 1948, na sheria ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wenyewe katika kuuza na kupangisha, lakini kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kukua kikijua sura gani ni ya mwenyeji na sura gani ni ya kuulizwa. Mwaka 2016, palepale Edina, mtu mweusi alisimamishwa na polisi kwa kutembea pembeni mwa barabara mahali ambapo njia ya miguu ilikuwa imezibwa na ujenzi, na video yake ikaenea nchi nzima. Shemeji yako hakukutana na bahati mbaya. Alikutana na mazoea.

Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi uitwao Mapping Prejudice unaochora ramani ya hati hizo. Itafute nyumba yako humo. Ukikuta sharti, sheria ya jimbo ya 2019 inakuruhusu kusajili tamko la kulifuta kwenye hati yako. Halitamrudishia shemeji jioni yake, lakini mwanao wa miaka 14 akiweka macho kwenye karatasi hiyo ataelewa jambo ambalo wewe na mimi tukimhubiria hatutafika.

Kuna watakaokushauri kwamba mgeni akija utume ujumbe kwenye kundi la mtaa, na picha yake juu. Mimi inanichoma kuona mtu anaombewa ruhusa ya kutembea. Na bado, ningekuwa na kaka anayefika kesho, ningewaambia wale wawili wenye namba yangu, kwa kawaida tu, kama mtu anavyosema nina mgeni. Kundi zima, hapana. Aliyemrusha shemeji anastahili kujibiwa palepale alipoandika, kwa sentensi moja, bila matusi: huyu ni ndugu yetu, alikuwa anatazama taa zenu. Kama hukujibu wakati ule, bado hujachelewa.

Kuhusu kijana, kitenge kisikuvunje moyo sana. Mtoto wa miaka 14 anamwonea aibu mama yake hata akivaa dhahabu, na hao wenzake wazungu wanawaomba mama zao wawashushe kona ya mbali. Vaa unachotaka, ila usikifanye vita. Swali lake la umaskini ndilo zito, na linajibiwa kwa hesabu. Mkalishe, mwonyeshe mshahara unaoingia, mkopo, kodi, bima, na kinachokwenda Tanga kila mwezi. Atashangaa. Mwambie pia kwamba baadhi ya hayo magari ya miaka 16 yanalipiwa kwa deni, lakini usiape, wengine wanazo kweli. Hoki ya maelfu aiache. Manispaa nyingi za huko zinamwaga barafu kwenye viwanja vya wazi kila majira ya baridi, kuingia bure, na viatu vya mtumba vya kutelezea vinapatikana kwa bei ya mchele wa mwezi. Akitaka pesa yake, asafishe theluji ya majirani kwa malipo. Ila kwa yaliyompata baba yake mdogo, siku ya kwanza usimwache agonge milango peke yake. Nenda naye wewe.

Haya, baba watoto.

Mtu aliye kazini siku saba, tatu kati yake usiku, hanunui nyumba, anajiuza kidogokidogo. Na barabarani huko ni barafu. Anayesinzia na kijiko ndiye anayeshika usukani alfajiri akitoka ghalani. Siku ikikosekana ya kulizungumza, itafute kabla ya wiki hii kwisha, na msianze na swali la kuuza, maana hapo ndipo anaposikia neno kushindwa akafunga masikio. Anzeni na swali la zamu zile zinaleta kiasi gani baada ya kodi, na kiasi hicho kinaweza kupunguzwa wapi.

Pa kupunguza papo. Hakikisheni nyumba imesajiliwa kaunti kama makazi yenu wenyewe, kwa sababu hilo hushusha kodi ya majengo, na wahamiaji wengi hawajui kwamba linaombwa. Kuna marejesho ya kodi ya nyumba yanayotolewa na jimbo kwa fomu ya M1PR, mwisho wake huwa 15 Agosti. Yanategemea kipato, na huenda mkawa mmekipita kiwango, lakini kuna sehemu ya pili kwa ambao kodi imepanda zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, hiyo haijali kipato. Jazeni, mjibiwe hapana na wenye ofisi. Riba ikishuka, ombeni benki mkopo upya. Kampuni ya kukata majani, kama mnayo, iondoke. Mashine mnunue, kijana yupo. Na michango ya Tanga iwe na kiasi kimoja kwa mwaka, mkiseme kwa familia nzima kwa sauti moja, tena aseme mume kwa upande wake na wewe kwa wako. Mwaka wa kwanza watanuna.

Kuuza leo hasara yake ijueni. Kwenye mkopo wa miaka 30 kwa asilimia 7, malipo ya mwezi wa kwanza karibu senti 88 za kila dola ni riba. Mkiwa mlikopa dola 500,000, baada ya miaka miwili ya kulipa dola 3,300 na ushei kila mwezi, deni limepungua kwa dola elfu 10 na nusu tu. Dalali na gharama za kuuza watachukua zaidi ya hapo. Kwa hiyo sikuhimizi uuze kesho.

Lakini lile jibu lake, watoto watasoma wapi, halina nguvu anayoidhani. Minnesota ndiyo jimbo la kwanza Marekani lililoruhusu, mwaka 1988, mtoto kusoma katika wilaya ya shule asiyoishi. Maombi kwa kawaida hupelekwa kabla ya 15 Januari kwa ajili ya mwaka wa masomo unaofuata, na wilaya inaweza kusema imejaa, ila wengi wanapokelewa, wakiwemo watoto waliohama wakapenda kubaki shule yao. Ulizeni sasa, kabla hamjahitaji. Nyumba na shule mmeziona kitu kimoja kwa sababu dalali aliwauzia hivyo. Mkijua vinaachana, mtazungumza kama watu wenye njia mbili.

Ushauri wangu ni huu: zamu za ghalani zipunguzwe hadi usiku mmoja kuanzia mwezi ujao, hata kama akiba itasimama. Mkilipa ile nusu ya kodi ya majengo inayodaiwa tarehe 15 Mei bila yeye kurudi usiku wa pili, kaeni, nyumba inawezekana. Isipowezekana, uzeni majira ya joto, wakati wanunuzi ni wengi. Hao watakaosema, mwulize ni nani kati yao aliyewahi kulipa hata bima ya mwezi mmoja.

Na Brooklyn Park hujaiacha ng'ambo ya bahari. Unapanda barabara ya 169 kaskazini, nusu saa hivi. Huyo Mkenya wa Kisii ana namba yako, na Jumamosi hii watoto wanataka ugali. Usimngoje akukaribishe.

Niandikie baada ya 15 Mei. Mambo ya majirani unaweza kunifupishia. Ninachotaka kujua ni baba watoto analala saa ngapi.

Shangazi